Kwa nini Diego Suarez haikuwa Mombasa

Swali: Shikamoo mwalimu. Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa KAR, lile jeshi la mkoloni Mwingereza huku Afrika Mashariki, akapelekwa Madagaska mwaka 1942. Mpaka anafariki alikuwa akitusimulia bandari aliyoiita "Diego". Alisema ukiiona hiyo, Kilindini utaiona kidimbwi. Juzi nimeitafuta kwenye ramani nikaona siku hizi inaitwa Antsiranana, mji wa kawaida tu wa mkoani. Imekuwaje mji wenye bandari ya namna ile, uliokuwa kambi kubwa ya wanamaji wa Ufaransa, usikue? Nauliza nikiwa na langu moyoni, maana huku kwetu Mtwara tangu shule ya msingi tunaambiwa tuna bandari ya asili yenye kina kirefu, tusubiri tu. Na je, kuna alama yoyote ya askari wetu iliyobaki kule? (Msomaji, Mtwara)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Babu yako hakutia chumvi, ingawa mji wenyewe una chumvi hadi kwenye jina. Kwa Kimalagasi chumvi ni sira, na wengi hulieleza jina Antsiranana kuwa ni "penye chumvi". Wapo wanaolirudisha kwenye neno seranana, yaani bandari. Sioni haja ya kuamua ugomvi huo, kwa sababu chumvi ipo, inavunwa kwenye mabwawa kandokando ya ghuba, na bandari nayo ipo. Kilichokosekana ni kitu cha tatu, nacho ndicho ulichouliza bila kukitaja. Jina Diego Suarez ni ukumbusho wa mabaharia wa Kireno waliopita huko mwanzoni mwa karne ya 16. Serikali ya Madagaska ilirudisha jina la Kimalagasi miaka ya 1970, lakini mitaani watu bado husema Diego, kama babu yako. Mimi nitayatumia yote mawili.

Tuanze na nchi yenyewe. Fungua ramani ya Madagaska uende juu kabisa, pale kisiwa kinapochongoka kama ncha ya mkuki. Kutoka Mtwara hadi hapo ni kama kilomita elfu moja, ukivipita visiwa vya Komoro njiani. Upande wa mashariki wa ncha hiyo bahari imeingia nchi kavu kwa mlango mmoja mwembamba. Ukishauvuka, maji yanatanuka ghafla na kugawanyika ghuba ndogo nne, kila moja imejibanza nyuma ya rasi yake. Meli iliyotia nanga humo ndani haipigwi na wimbi la bahari kuu, na anayepita bahari kuu hajui kama kuna meli ndani. Mji umekaa juu ya ulimi wa nchi unaochomoza katikati ya ghuba kutoka kusini. Gati liko chini, mji uko juu, na kati yao kuna mteremko ambao makuli wa enzi zile waliujua vizuri kwa magoti yao.

Wanaouza safari za utalii watakuambia kwamba hii ni ghuba ya pili kwa ukubwa duniani baada ya ile ya Rio de Janeiro. Usiwaamini. Ghuba ya San Francisco ni kubwa kuliko hii, ya Tokyo pia, na orodha haiishii hapo. Nadhani hadithi hiyo ilizaliwa na kisiwa kidogo cha Nosy Lonjo, kilichosimama ndani ya ghuba kama kilima cha sukari, kikawakumbusha wageni ule mlima maarufu wa Rio. Kwa wenyeji kisiwa hicho ni mahali patakatifu, pa kupeleka sadaka na maombi. Lakini tuliache hilo. Ghuba yenyewe haihitaji kusifiwa kwa uongo. Kina kipo, nafasi ipo, kinga ya mawimbi ipo.

Sasa geuka utazame kilicho nyuma ya mji. Kusini yake, mwendo wa kilomita thelathini na kitu, unasimama Mlima wa Ambre, volkano iliyozimika yenye kimo cha mita 1,475. Juu kuna msitu mbichi wenye mvua tele, hifadhi ya taifa tangu 1958. Chini, mjini, miezi mingi ya mwaka ni ukame mtupu, na maji ya kunywa ya wakazi huteremka kutoka mlimani. Ukiupita mlima huo ukaendelea kusini, unakutana na milima ya Tsaratanana, ambayo kilele chake, Maromokotro, kina mita 2,876 na ndicho kirefu kuliko vyote kisiwani. Ukuta huo unaitenga kaskazini na nyanda za juu za katikati, ambako ndiko uliko mji mkuu Antananarivo na ambako watu wamejaa. Barabara inalazimika kuuzunguka kwa magharibi. Kutoka Antananarivo hadi Diego ni zaidi ya kilomita 1,100, na kwa miongo mingi vipande vya mwisho vilikuwa mashimo yaliyounganishwa na lami kidogo, mpaka matengenezo makubwa ya miaka ya karibuni. Reli ya kutoka mji mkuu haikufika kamwe.

Kuna na upepo. Kuanzia Aprili hadi Novemba hivi huvuma varatraza, upepo mkavu wa kusini-mashariki, ndugu wa kusi yetu lakini mkali zaidi, kwa sababu unaipiga ile ncha ya kisiwa bila kizuizi. Vijana wa Ulaya huja siku hizi kuuchezea kwa vishada na mbao za kuteleza kwenye Ghuba ya Sakalava. Nahodha wa jahazi la zamani hakuwa na hamu ya mchezo huo. Kuipinda Rasi ya Ambre, yaani ile ncha yenyewe, kwa tanga dhidi ya varatraza ni kazi ya kuomba dua. Na hiyo, kwa maoni yangu, ni sababu mojawapo iliyowafanya wafanyabiashara wa Kiislamu wa pwani, jamaa za Waswahili na Wangazija, wajenge miji yao upande wa kaskazini-magharibi. Mahilaka, mji wenye ukuta wa mawe uliostawi karne nyingi kabla ya Mreno kufika, uliota kwenye ghuba ya Ampasindava. Walijua bahari kuliko sisi, na hawakuichagua bandari ya Diego kuwa makao yao makuu. Walitafuta mahali ambapo upepo wa msimu unakuleta na unakurudisha, na ambapo nyuma yake kuna mchele na ng'ombe.

Nimetaja ng'ombe, nikatize kidogo. Kwa Kimalagasi ng'ombe ni omby, kuku ni akoho, mbwa ni amboa, punda ni ampondra, na ndege kanga ni akanga. Lugha yao ina asili ya Asia ya kusini-mashariki, lakini majina ya mifugo waliyachukua kwetu pamoja na mifugo yenyewe. Na wanawake wa Diego huvaa lambahoany, ambayo mama yako akiiona ataiita kanga, maana hata maneno ya methali yameandikwa upindoni. Babu yako hakuwa ugenini kiasi alichodhani.

Turudi kwenye bandari. Wafaransa waliitaka kwa sababu zao. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869, meli za moshi zikahitaji makaa na mahali pa kukarabatiwa, na Uingereza ilikuwa imekwishajipatia Morisi. Ufaransa ilikuwa na Réunion, kisiwa kizuri cha sukari kisicho na hata bandari moja ya asili ya maana. Baada ya vita vyake vya kwanza na Imerina, ufalme wa zile nyanda za juu, mkataba wa tarehe 17 Desemba 1885 uliipa Ufaransa haki ya kukaa kwenye ghuba ya Diego Suarez. Miaka kumi na moja baadaye ikakitwaa kisiwa kizima. Mwaka 1900 akaletwa afisa mhandisi aitwaye Joseph Joffre, yule yule aliyekuja kuongoza jeshi la Ufaransa mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, ili aifanye ghuba kuwa ngome. Mizinga ikawekwa Orangea kwenye mlango wa ghuba, kambi zikajengwa ng'ambo ya maji kwenye Rasi Diego, mahandaki yakachimbwa kusini mwa mji, na chelezo kikachongwa, kile cha kutengenezea meli pakavu, chenye urefu wa karibu mita 200. Sanamu ya Joffre bado inaitazama bandari kutoka juu ya mji.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Mwanamaji na mfanyabiashara wote wanataka maji yenye kina, kwa hiyo sisi tulio nchi kavu tunadhani wanataka bandari moja. Hawataki moja. Mwanamaji anataka maficho. Mlango uwe mwembamba ili mizinga michache iufunge, na nyuma kuwe na milima na nyika ili adui asije kwa miguu. Kwake, kukosekana kwa barabara ni sehemu ya ukuta. Mfanyabiashara anataka njia. Atavumilia mlango mbaya, atavumilia hata mawimbi, mradi nyuma ya gati kuna reli na nyuma ya reli kuna watu wanaolima, wanaochimba na wanaonunua. Mungu aliumba Diego kwa sura ya haja za yule wa kwanza, na Wafaransa wakaijenga kwa sura hiyo hiyo. Walimimina fedha kwenye chelezo na ngome. Njia ya kwenda bara iliachwa.

Ukitaka ushahidi ulio ndani ya Madagaska yenyewe, tazama Toamasina, pwani ya mashariki. Kama bandari ya asili ni ya kusikitikiwa. Imekaa wazi mbele ya bahari, kinga yake ni miamba ya matumbawe, na kimbunga cha Machi 1927 kiliifagia. Lakini reli ya kutoka Antananarivo ilikamilika kufika huko 1913. Basi. Leo Toamasina ndiyo inayopitisha sehemu kubwa ya biashara ya nje ya kisiwa, na Diego, yenye bandari ambayo mhandisi yeyote angeipigia magoti, inahudumia meli ndogo za mwambao, mafuta, meli za jodari na shehena ya mkoa wake.

Mombasa ni hadithi hiyo hiyo upande wa pili wa sarafu. Jina Kilindini lenyewe linasema habari ya kina. Lakini kilichoikuza ni reli iliyoanza kujengwa 1896 na kufika Ziwa Viktoria 1901. Magati ya kwanza ya maji marefu yalikamilika 1926, robo karne baada ya reli kufika mwisho wake. Mzigo wa Uganda ulikuwa tayari unagonga mlango. Kilindini nayo imewahi kuwa kambi ya wanamaji, tena kubwa kuliko watu wengi wanavyokumbuka. Wajapani walipoipiga Ceylon (leo Sri Lanka) kwa ndege Aprili 1942, kundi la manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi lilirudi nyuma likafanya makao Mombasa. Manowari zilipoondoka baadaye, mji haukulala njaa, kwa sababu kahawa na pamba na magunia yalikuwa bado yanateremka kwa treni.

Na hofu hiyo ya Wajapani ndiyo iliyompeleka babu yako Madagaska. Diego ilikuwa mikononi mwa Wafaransa wa serikali ya Vichy, waliokwishasalimu amri kwa Ujerumani, na Waingereza waliogopa kwamba Wajapani wataiomba au wataitwaa. Nyambizi za Kijapani zikikaa Diego, njia ya meli za kwenda Misri na India kupitia pwani yetu imekatika. Wakaamua kuwahi.

Namna walivyoivamia ni somo zuri la jiografia kuliko mengi niliyofundisha darasani. Mizinga yote mikubwa ilitazama mashariki, kwenye mlango. Waingereza hawakwenda mlangoni. Alfajiri ya tarehe 5 Mei 1942 walishuka upande wa magharibi wa ile ncha ya kisiwa, kwenye ghuba za Courrier na Ambararata, ambako miamba na mabomu ya majini yaliwafanya watetezi waamini kwamba hakuna meli itakayothubutu kupita usiku. Nchi kavu hapo ni nyembamba. Wakatembea kuelekea mjini, wakaingia kwa mgongo. Walichokuta kusini mwa mji ni mahandaki na ngome alizopanga Joffre miaka arobaini nyuma, na zikawasimamisha kwa hasara kubwa. Kilichovunja ukaidi huo ni manowari ndogo, HMS Anthony, iliyopenya mlango wa ghuba usiku wa tarehe 6 chini ya mizinga na kuwateremsha askari hamsini tu wa majini ndani kabisa, kwenye gati. Fujo waliyoifanya nyuma ya mstari ilitosha, na tarehe 7 mji na bandari vikasalimu amri. Kwa hiyo ngome ilitekwa kupitia upande uliosahauliwa, ule wa bara. Uchumi wake ulikuja kushindwa upande huo huo, ingawa polepole zaidi.

Wala ghuba iliyofungwa haikuwa salama ilivyodhaniwa. Usiku wa tarehe 30 Mei nyambizi ndogo ya Kijapani, ya watu wawili, ilijipenyeza ndani ikaijeruhi vibaya manowari kubwa ya Uingereza, Ramillies, na kuzamisha meli ya mafuta.

Askari wetu walifika mwezi Juni. Hao walikuwa brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, yenye batalioni za KAR kutoka Nyasaland (leo Malawi), Kenya na Tanganyika. Ile ya Tanganyika ilikuwa batalioni ya kwanza ya rejimenti ya sita, na kama babu yako alijiandikisha kusini yetu huenda ndiyo aliyokuwamo. Kwa hiyo hakuiona Diego ikipigwa. Aliikuta imekwisha kutekwa, ikiwa imejaa meli, na ndiyo maana alivutiwa nayo namna ile. Bandari tupu haimshangazi mtu. Septemba vita vikaendelea kutokea Mahajanga, bandari ya kaskazini-magharibi, Antananarivo ikaingiwa tarehe 23, na KAR wakawafukuza Wafaransa kusini hadi walipoomba amani mwanzoni mwa Novemba. Miezi michache baadaye kisiwa kikakabidhiwa Wafaransa wa upande wa Jenerali de Gaulle, waliokataa kusalimu amri kwa Ujerumani, na Diego ikarudi kuwa kambi yao.

Madagaska ilipata uhuru tarehe 26 Juni 1960, lakini mikataba iliyotiwa saini iliiacha kambi mikononi mwa Ufaransa. Tangu 1962 kikosi kimoja cha wageni wanaopigania Ufaransa kwa mshahara, ule unaoitwa Lejioni, kilihamishiwa huko. Uchumi wa mji katika miaka hiyo unaweza kuuchora kwa kalamu moja. Mshahara wa askari na wa mafundi wa chelezo unaingia mwisho wa mwezi. Unazunguka kwenye baa, hoteli, dobi, duka la Mhindi, teksi, nyumba za kupanga. Kisha unatoka tena kwenda kununua vyakula na bidhaa zilizoletwa kwa meli. Ni mzunguko wenye kelele na taa nyingi, na kwa anayeutazama kwa nje unafanana sana na maendeleo. Lakini hakuna kinacholimwa au kutengenezwa humo ambacho mtu wa mbali angekilipia.

Mwaka 1972 maandamano yalimwangusha Rais Tsiranana. Waziri mpya wa mambo ya nje, Didier Ratsiraka, ambaye mwenyewe alikuwa afisa wa majini, akaijadili upya mikataba na Ufaransa, na mapatano mapya yakatiwa saini Juni 1973. Lejioni ikahamishiwa Guyane, eneo la Ufaransa huko Amerika ya Kusini, mwaka huo huo, na kufikia 1975 wanamaji wa Ufaransa walikuwa wameondoka. Kisiasa ilikuwa heshima, na simlaumu aliyeidai. Ila mshahara ule wa mwisho wa mwezi nao ulipanda meli pamoja nao.

Sasa nitasema neno ambalo wenzangu wengine hawalipendi. Watu wanapoandika juu ya Diego hupenda kupiga picha magofu: hoteli ya zamani ya wanamaji iliyobaki kuta tupu na miti ndani yake, kambi zisizo na paa, mizinga yenye kutu kule Orangea. Magofu ni urithi usio na faida kubwa. Urithi wa kweli ni mafundi. Karakana ya kijeshi ilikuwa imewafundisha Wamalagasi kuchomelea, kuchonga vyuma na kufungua mitambo ya meli kwa vizazi viwili vitatu. Serikali ikaigeuza kuwa shirika la kutengeneza meli, SECREN, mwaka 1975, na chelezo kile cha mwanzoni mwa karne kikaendelea kupokea meli za uvuvi na za mwambao. Shirika limepitia vipindi vya ukata mkali, kama mashirika mengi ya umma tunayoyajua huku kwetu, lakini ukitaka kujua kwa nini mji haukugeuka mahame, jibu lako la kwanza ni hilo. La pili ni chuo kikuu, kilichoanza kama kituo cha mkoa miaka ya 1970 na kujijengea jina katika masomo ya ufundi. Hayo mawili yanahusiana.

Halafu kuna jodari. Kiwanda cha kumsindika na kumtia kwenye makopo kimekuwapo tangu miaka ya 1990, kwa sababu meli za Ulaya zinazovua katika maji haya zinahitaji mahali pa kushushia, na hapo kina na kinga vya ghuba vina thamani ya kweli. Huyo ni samaki anayekuja na bahari, hahitaji barabara. Ndiyo biashara inayolingana na umbo la mahali.

Mazao ya bara ya kaskazini yana thamani kubwa, ila si ya kujaza meli. Vanila ya Sambava na Antalaha ni maarufu dunia nzima, lakini mavuno ya kisiwa kizima kwa mwaka ni tani elfu chache tu. Meli moja ya kontena ingeyabeba yote na kubaki na nafasi tele. Tena mashamba hayo yako pwani ya mashariki na yana njia zake. Utachekeshwa ukijua ni zao gani linalosafiri kila siku bila kukosa kutoka miteremko ya Mlima wa Ambre hadi mjini. Ni mirungi. Wenyewe huiita katy, inasemekana ililetwa na Wayemeni waliokuja kufanya kazi bandarini, na inabidi ifike mbichi mchana ule ule. Wakenya watanielewa. Inaleta fedha kwa mkulima, lakini haipiti kwenye gati.

Utalii upo, watu hupanda mashua kutoka kijiji cha Ramena, karibu na mlango wa ghuba, kwenda kuona maji ya rangi ya zumaridi, na Ramena imekua kwa ajili hiyo. Ni msaada. Mji wa watu karibu 130,000, kwa hesabu ya sensa ya 2018, hauwezi kuishi kwa mashua hizo, hasa tiketi ya ndege ikiwa ghali na barabara ikiwa siku mbili. Linganisha na Mombasa, ambayo sensa ya 2019 iliikuta na watu zaidi ya 1,200,000.

Nimefika kwako sasa, Mtwara. Bandari yenu si mara yake ya kwanza kuahidiwa. Ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947, ikapewa na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zikagoma, mradi ukafutwa 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Kina cha maji kilibaki pale pale na mji ukasinzia. Kwa hiyo anayekuambia usubiri kwa kuwa mna kina, mwambie kina kilikuwapo hata wakati ule.

Lakini usinielewe kwamba Mtwara ni Diego. Nyuma yenu hakuna Tsaratanana. Kutoka baharini hadi Masasi, Tunduru na Songea, mpaka Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, hakuna ukuta wa milima wa namna ile, na lami sasa inapita. Mna korosho, ambazo ni mzigo kweli, si kama vanila. Saruji ipo. Makaa ya mawe ya Ruvuma yameanza kupita bandarini kwa wingi tangu 2022 hivi, na hapo ndipo ningeweka macho yangu ningekuwa kijana wa huko. Makaa kwa malori yanaitafuna barabara kuliko yanavyoilipa. Uzito ule ni wa reli. Ile reli ya kwenda kwenye makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga imekuwa kwenye makaratasi muda mrefu mno. Siku utakaposikia inajengwa, siyo kutangazwa, nunua kiwanja. Na mkiletewa siku moja mradi mkubwa wa mwajiri mmoja, wa gesi au wa jeshi au wa chochote, ulizeni swali moja ambalo Diego hawakupata nafasi ya kuuliza: vijana wetu watajifunza ufundi gani ambao mwajiri akiondoka hawezi kuondoka nao?

Mwisho uliuliza habari za alama. Ipo. Mjini Antsiranana kuna makaburi ya vita yanayotunzwa na tume ya makaburi ya Jumuiya ya Madola, yenye makaburi zaidi ya 300, na miongoni mwake wamo askari wa KAR. Babu yako alirudi, kwa hiyo hayumo, lakini kama alikuwa akiwataja wenzake waliobaki kule, orodha ya tume hiyo iko wazi na unaweza kutafuta kwa jina. Usikate tamaa ukikosa mara ya kwanza. Waliandikishwa na makarani wa Kiingereza walioandika walivyosikia, wengi kwa jina moja na la baba, kwa hiyo mtafute Hamisi kwa K pia, na Saidi kwa kila namna ambayo Mwingereza angeweza kuikosea. Kaa na shangazi zako kwanza uyaandike majina yote wanayoyakumbuka kwenye hadithi zake, hata ya utani, ndipo ufungue orodha.